Maikrowevu: Tunaogopa Kisichotudhuru

Siku hizi si ajabu kumsikia mtu hapa Mnazi Mmoja akisema kwamba hawezi kula wali uliopashwa moto katika maikrowevu, kwa kuwa "una mionzi". Mama mmoja atawakataza wanawe wasipite hata jikoni wakati chombo hicho kinanguruma. Mwingine atakizima na kukiacha dakika kumi kabla ya kufungua mlango, ati mionzi iishe kwanza ndani ya chakula. Lakini vuka barabara, uingie Kariakoo, utawakuta watu hao hao wakinunua maikrowevu ya mtumba ambayo mlango wake umelegea na bawaba moja imelika kutu, nao wamefurahi kwa kuwa wamepunguziwa bei. Nionavyo mimi, hofu yetu imekaa mahali pasipo pake, na pale panapostahili kuogopwa hatuogopi hata kidogo. Kwa ruhusa ya Mhariri nataka kulisema jambo hili waziwazi, maana latuhusu sisi wanafunzi, na walimu, na wazazi wetu majumbani.

Kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Ndani ya maikrowevu mna kifaa kiitwacho magnetroni, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya wali wala samaki. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot, walitengeneza magnetroni yenye nguvu kubwa ili itumike katika rada. Baadaye, mwaka 1945, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon huko Marekani aliomba hataza ya kupikia kwa mawimbi hayo. Husimuliwa kwamba alianza kuliwaza jambo hilo siku alipoona chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake akiwa karibu na mitambo. Maikrowevu za kwanza zilizouzwa zilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300, basi hapana aliyeweza kuzibeba begani kama wafanyavyo wapagazi wetu wa Kariakoo leo.

Mawimbi yatokayo katika magnetroni ni ndugu wa mawimbi ya redio na ya simu. Hucheza mara milioni 2,450 kwa sekunde moja, na yakiingia katika chakula huzigeuzageuza chembe ndogo za maji zilizomo, nazo zikisuguana hutoa joto. Chakula kilicho kikavu kabisa hakipati moto upesi, ila chenye maji huchemka mara moja. Hiyo ndiyo siri yote. Eksirei ya hospitali ina nguvu ya kuvunja chembe za mwili na kuziharibu tangu ndani. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu ya namna hiyo. Yanachoweza ni kupasha moto. Na kuhusu yule mama anayengoja mionzi iishe, ningependa kumwuliza kwa heshima: akizima taa ya chumbani usiku, je, nuru hubaki ukutani dakika kumi? Swichi ikizimwa mawimbi hayapo tena. Chakula kinatoka na joto lake tu, kama kilivyotoka katika sufuria.

Iko pia hadithi inayotumwa sana katika simu za watu, kwamba Warusi walizipiga marufuku maikrowevu mwaka 1976 baada ya kugundua sumu yake. Wenye kuituma hawaonyeshi sheria yenyewe. Lililo kweli ni kwamba Umoja wa Kisovieti ulikuwa na vipimo vikali kuliko vya nchi za Magharibi juu ya mawimbi ambayo mfanyakazi angeruhusiwa kuyapata. Lakini Warusi wenyewe walitengeneza maikrowevu katika viwanda vyao na kuzitumia.

Sasa msomaji asije akadhani nasema kwamba mawimbi haya ni mchezo. Kinachoweza kuchemsha maji ya nyama kinaweza kuchemsha maji ya mwili pia, kwani nyama zetu zina maji tele. Jicho ndilo lililo hatarini zaidi, kwa sababu lenzi yake haina damu ya kuipoza. Ikipata joto kali huingia ukungu, tunaouita mtoto wa jicho. Ndiyo maana chombo hiki kimefungiwa katika sanduku la chuma, na mlango wake umewekewa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo. Urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12, na kitundu kina milimita moja au mbili tu. Nuru, ambayo mawimbi yake ni madogo mno, hupita, nasi tukaona chakula kinavyozunguka. Wimbi la sentimita 12 haliwezi kupenya hapo.

Serikali ya Marekani ilitunga kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1971. Inasema kwamba maikrowevu mpya isivujishe zaidi ya milliwati 1 kwa kila sentimita moja ya mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka katika chombo, na katika maisha yake yote isizidi milliwati 5. Viwango vya kimataifa navyo vimeshika hiyo 5. Tena mawimbi hupungua upesi kwa kadiri unavyosogea mbali: kilichopimwa sentimita 5 kutoka mlangoni, ukienda nusu mita hubaki kama sehemu moja katika mia. Kwa hiyo mtoto asimamaye katikati ya jiko, mbele ya maikrowevu nzima, hapati cha kumdhuru. Ningemhofia zaidi mtoto alalaye katika chumba kilichofungwa madirisha, jiko la mkaa likiwa ndani. Moshi usioonekana wa mkaa umewaua watu wengi katika nchi hii, lakini sijapata kumsikia mtu akisema kwamba hali ugali wa mkaa.

Basi kama ni hivyo, mbona naandika? Naandika kwa sababu ya lile neno, "maikrowevu nzima". Kanuni zote nilizozitaja zinahusu chombo ambacho mlango wake unafunga sawasawa na swichi zake zinafanya kazi. Swichi hizo hazionekani, na wengi hawajui kwamba zipo. Nyuma ya ndoano za mlango zimefichwa swichi ndogo, aghalabu tatu. Mbili za kwanza hukata umeme mara mlango unapofunguliwa, hata kama dakika hazijaisha. Ya tatu ni mlinzi wa wale wawili: ikiwa zile mbili zimeungua na kugandana, zisiweze kukata, basi mlango ukifunguliwa hii ya tatu huunguza fyuzi kwa makusudi, na chombo kikafa hapo hapo. Aliyebuni mpango huu alikuwa na busara nyingi. Alijua kwamba vyombo huharibika, akataka chombo chake kikiharibika kife, kisiue.

Sasa tazama yanayotendeka. Maikrowevu imetoka Ulaya au Dubai ikiwa imetumika miaka kumi, imepakiwa katika kontena pamoja na mafriji na baiskeli, imeshushwa na kurushwarushwa hata ikafika kwa mwuza duka. Mlango umepinda. Swichi moja imekufa. Mteja anaipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, naye fundi hana swichi ya namna ile. Anachukua kipande cha waya, anaunga "dairekti", kama wasemavyo wenyewe. Chombo kinawaka, mteja anashukuru, analipa, anaondoka. Siku nyingine fyuzi inaungua, maana mlinzi wa tatu amefanya kazi yake. Fundi wa pili, asiyejua kilichofanywa na wa kwanza, anasokota uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Hapo mlinzi naye amefungwa mikono. Sasa ndani ya nyumba ya mtu mna chombo kinachoweza kuendelea kutoa mawimbi mlango ukiwa wazi, kwa nguvu ya wati 700 au 800, na mtoto anaingiza mkono kutoa sahani.

Hii ndiyo hatari ya mionzi ninayoitaka tuiogope, nayo haitoki kiwandani. Hutokana na kipande cha waya kisichofika hata urefu wa kidole.

Najua watu wanajaribu kupima wenyewe. Jaribio lililoenea sana ni lile la kutia simu ndani ya maikrowevu isiyowashwa, kufunga mlango, kisha kuipigia. Ikilia, husemwa chombo kinavuja. Hata baadhi ya wauzaji hulifanya mbele ya wateja. Jaribio hili halifai. Simu imetengenezwa ili isikie mawimbi dhaifu mno yatokayo katika mnara ulio mbali, na pengine kwa masafa mengine kabisa. Itaweza kulia hata katika maikrowevu iliyo salama kabisa, kwa kuwa kiwango cha usalama si sifuri. Na isipolia, haikuthibitishi chochote juu ya swichi. Zaidi ya hayo, atatokea siku moja mtu mwenye haraka aibonyeze maikrowevu simu ikiwa ndani, aipoteze simu na pengine nyumba.

Afadhali jaribio la macho. Fungua mlango uangalie bawaba kama zimekaza, ndoano kama hazikuvunjika, kingo za mlango kama hazikupinda wala kuungua, na wavu kama haukutoboka. Kama kuna mafuta yaliyogandana kwenye kingo, yafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usiyakwangue kwa kisu. Tia kikombe cha maji, washa, kisha fungua mlango katikati ya kazi: chombo lazima kinyamaze mara moja. Kikiendelea kunguruma au sahani ikizidi kuzunguka huku maji yakipata moto, kizime ukutani na usikitumie tena, hata kama umekinunua jana. Hayo si kipimo cha milliwati, maana kipimo hasa hutaka mita yake maalumu, lakini yatamwokoa mnunuzi na vyombo vingi vibovu.

Hatari ya pili haihusiani na mionzi kamwe, nayo inawahusu hasa wenzetu wa Kidato cha Nne wanaotamani kwenda kujifunza ufundi Gerezani au Kariakoo baada ya mitihani. Umeme wa ukutani hapa kwetu ni volti 230. Ndani ya maikrowevu transfoma huupandisha hata ukafika kama volti 2,000, kisha kapasita na diodi huuongeza karibu maradufu. Kapasita huweka umeme kama mtungi uwekavyo maji. Unaweza kuichomoa maikrowevu, ukaenda kula chakula cha mchana, ukarudi, na umeme ule bado umo. Nyingi zimewekewa kipingamizi kidogo cha kuumwaga taratibu, lakini hicho nacho hufa, wala hakitoi taarifa. Fundi wa redio aliyezoea kushika kila kitu kwa vidole, akifungua maikrowevu kwa mazoea yale, huenda asipate nafasi ya kujifunza kosa lake. Kijana asifungue chombo hiki kwa bisibisi ya nyumbani ili aone "kuna nini". Nami nimekwisha kusema kilichomo.

Na waya wa ardhi je? Maikrowevu nyingi za mtumba huja na plagi ya miguu miwili ya Ulaya, ilhali soketi zetu zina matundu matatu. Kila mtu anajua dawa yake: chomeka kalamu au njiti katika tundu la juu, kisha isukume plagi. Tumeifanya mchezo wa kila siku. Lakini mguu ule wa tatu ndio unaolipeleka ardhini sanduku lote la chuma, na katika maikrowevu umeme mkubwa wa transfoma hurudia katika sanduku hilo hilo. Ukiikata njia ya ardhi, umemfanya mtu wa kwanza atakayelishika, akiwa peku juu ya sakafu yenye maji, kuwa ndiye njia. Badili plagi, ulipe fundi wa kweli aihakikishe soketi. Na chombo kilichotoka Marekani cha volti 120 kisiwekwe hapa kabisa pasipo transfoma yake.

Mengine ya jikoni nayapitia upesi. Maziwa ya mtoto hupata moto ndani kuliko nje, hivyo chupa itakuwa baridi mkononi na maziwa yakamwunguza mtoto ulimi; yakoroge na uyaonje kwanza. Maji yaliyochemshwa katika glasi laini huweza kutulia kimya yakiwa yamepita kiwango cha kuchemka, kisha ukitia kijiko yakakurukia usoni. Yai zima hupasuka. Mfuko wa plastiki wa sokoni haukutengenezwa kwa ajili ya joto. Wali wa jana ugeuzegeuze, maana mahali pamoja huwaka na pengine hubaki baridi na vijidudu vyake. Chapati, samahani, hugeuka ngozi. Lakini hilo si jambo la usalama.

Nimezungumza na wenzangu darasani juu ya maneno haya, na walionipinga walikuwa na hoja nzuri. Mmoja alisema: "Wewe unataka kumnyima fundi riziki, na kumnyima maskini chombo." Hoja hii nimeifikiri sana. Ni kweli kwamba mama lishe mwenye maikrowevu ya mtumba huweza kumpa mteja wake wali wa moto saa nane mchana pasipo kuwasha mkaa mara ya pili. Ni kweli pia kwamba Serikali yenyewe inatuhimiza tuache mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya watu wawe wanapikia nishati safi, na umeme ni mmojawapo. Kwa hiyo vyombo hivi vitazidi kuwa vingi, wala sitaki vipungue. Lakini kwa sababu hiyo hiyo sharti viwe salama. Mwenye fedha atanunua kipya chenye dhamana. Atakayepewa kile cha waya wa dairekti ni maskini, tena ataambiwa ashukuru kwa kuwa amepata rahisi. Swichi ya mlango ni kitu kidogo cha bei ndogo. Fundi aseme ukweli, "Hii sina, ngoja niitafute", na mteja naye akubali kungoja siku mbili. Fundi wa namna hiyo hatapoteza riziki. Mimi ningempelekea na ya jirani.

Mwenzangu mwingine alisema kwamba hayo ni kazi ya Serikali, si ya wanafunzi. Sikatai. Iko Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 kushughulikia usalama wa mionzi. Na liko Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Shirika hilo ndilo lililokataza kuuzwa kwa nguo za ndani za mtumba. Ningefurahi kuona mlango wa maikrowevu ya mtumba ukipewa heshima kama hiyo: chombo kisitoke dukani mpaka kimepimwa, na kibandikwe karatasi yenye tarehe na jina la aliyepima. Lakini mkaguzi hawezi kukaa mlangoni kwa kila fundi wa Kariakoo, na uzi wa shaba husokotwa kwa dakika moja.

Kwa hiyo narudi hapa hapa shuleni. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni jirani yetu, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na wanafunzi wake wa umeme ni kaka na dada zetu. Naomba Chama cha Sayansi kiwaandikie barua, kwa mkono wa Mkuu wa Shule, kuomba waje siku moja ya Jumamosi na mita ya kupimia mawimbi. Wazazi watangaziwe mapema, na kila mwenye maikrowevu anayoitilia shaka ailete. Waalikwe na mafundi wa mitaa ya jirani, wakaribishwe chai kama wageni na wala wasisemwe, ili waone mita ikisoma mlango mzima na mlango uliopinda. Pengine wao ndio watakaotufundisha mengi, kwa maana hakuna aliyefungua maikrowevu nyingi kuliko wao.

Na iliyo katika chumba cha walimu iwe ya kwanza kupimwa. Nasema haya kwa adabu. Mlango wake umefungwa kwa gundi ya karatasi tangu muhula uliopita.